Mama na Jumapili ya Miamvuli

Mtu aliyezaliwa Gerezani, akauza vifungo na zipu Kariakoo kwa miaka ishirini na saba, hauziwi mbuzi kwenye gunia. Ndivyo nilivyokuwa nikijisifu, na bado najisifu, ila siku hizi nikianza tu, mama yangu anakohoa. Ni kikohozi kifupi cha makusudi, kisha ananitazama miguuni. Basi nanyamaza. Nakieleza kisa hiki mwenyewe kabla hajakieleza yeye, kwa sababu akikieleza yeye anatia chumvi mpaka kinakuwa kichungu.

Kwetu tuna siku yetu. Haimo kwenye kalenda ya serikali, haitangazwi redioni, na ukimuuliza mtu wa mtaa wa tatu huenda asiijue. Ni Jumapili moja ya mwezi wa sita, masika yakishakatika. Asubuhi tunatoka nyumbani Gerezani na kutembea kwa miguu mpaka Kivukoni, kila mtu kavaa viatu vipya na kafungua mwavuli, na jua linawaka kama kawaida yake. Kipya maana yake hujakivaa wewe, kwa hiyo mtumba unakubalika.

Aliyeianzisha siku hii ni bibi yake baba yangu. Aliletwa pwani akiwa mtoto, kutoka kusini kunakoelekea ziwa Nyasa, akauzwa Kilwa, akauzwa tena hapa. Zamani hizo mtumwa hakuruhusiwa kuvaa viatu mbele ya waungwana, wala kushika mwavuli. Mwenye mwavuli alikuwa mtu, asiye nao alikuwa mali ya mtu. Siku alipoambiwa kwamba hana bwana tena, Mwingereza ameshaingia na sheria yake, hakwenda kokote kushangilia. Alifanya vibarua mpaka akapata makubadhi ya ngozi na mwavuli mweusi, akatembea navyo kutoka Gerezani mpaka baharini na kurudi, peke yake, hakuna hata tone la mvua. Mwaka uliofuata akarudia. Wanawe wakamfuata nyuma, na sisi tunafuata mpaka leo.

Siku hizi hatuko peke yetu. Kuna kaya kama ishirini za mtaani, nyingine zina historia kama yetu, nyingine zinapenda samaki tu wa mwisho wa safari. Jirani yetu mmoja, Mkristo wa upande wa Lindi, fundi wa spea za magari, alipoelezwa mara ya kwanza alicheka mpaka akashika mbavu. Alisema wazee wa kwao walikuwa na nyimbo za watu waliochukuliwa wakiwa shambani wasirudi tena. "Tumewalilia miaka yote hiyo," akasema, "kumbe mpo Gerezani mnakunywa chai na chapati." Tangu siku hiyo anajiita mjomba wetu, nasi tunamwita hivyo hivyo, na kila mwaka anakuja na ule mwavuli mkubwa wa wauza vocha, unaofunika watu wanne na unaogonga kila nguzo ya umeme njiani.

Taratibu ni chache lakini hazivunjwi. Viatu havitoki kwenye mfuko mpaka ufike kizingitini. Unakaa kwenye kigoda mlangoni, mtu mdogo kwako anapiga magoti anakuvalisha, halafu shangazi yangu, dada yake marehemu baba, ambaye ndiye mkubwa wa shughuli, anakuuliza, "Unatembea na nani?" Hapo unataja jina la mtu wako mmoja aliyekwenda pekupeku. Ukishalitaja, wote waliopo wanaitikia, "Kavaa." Unanyanyuka, unafungua mwavuli, anakaa mwingine. Wanawake walioolewa kwetu wana ruhusa ya kumtaja bibi wa nyumba, yule aliyeianzisha siku hii.

Mtu mmoja tu wa nyumba ile hakuwahi kutembea, naye alikuwa mama yangu. Alikuja kama bibi harusi kutoka Bagamoyo zaidi ya miaka hamsini iliyopita. Kila Jumapili ya miamvuli aliamka kabla ya adhana, akakaanga maandazi ya watu wote, akamimina chai, akawafunga watoto kamba za viatu, akatufungia mlango, akabaki na paka. Ukimwuliza kwa nini haji, jibu lilikuwa moja. "Kwetu hakuna wa kutaja."

Jibu hilo lilikuwa likinichoma. Kwao Bagamoyo kulikuwa na mlango wa nakshi na orodha ya mababu iliyoandikwa kwa wino, kutoka babu mmoja mpaka mwingine hadi ng'ambo ya bahari. Mimi nilisikia anasema, sisi ni waungwana, hayo ni mambo yenu. Nilimwita mwenye majivuno. Tena sikunong'ona, nilimwambia usoni, mara mbili, na mara ya pili tulinuniana kuanzia Rajabu mpaka Idi. Hasira zangu zinawaka upesi na kuzimika taratibu, hilo sikatai.

Mwaka jana shangazi alitimiza miaka themanini na mmoja, na magoti yakamgomea. Wiki moja kabla ya siku yenyewe alikuja ukumbini, akakaa pembeni ya mama kwenye mkeka. Hao wawili ni mawifi wa kutaniana tangu asubuhi mpaka usiku, lakini siku hiyo shangazi alianza kwa upole, nikajua kuna jambo.

"Wifi," akasema, "mwaka huu nakuomba mkono wako."

"Mkono wangu wa nini, na wewe una wajukuu kumi na mmoja?"

"Wajukuu wanaenda mbio. Mimi nataka mzee mwenzangu."

"Mzee ni wewe. Mimi bado mwali."

"Basi mwali nishike mkono mzee nisianguke. Mwaka kesho sijui kama nitatembea tena. Magoti yenyewe unayaona."

Mama akakoroga chai yake, ambayo haina sukari kwa amri ya daktari, kwa hiyo hakukuwa na cha kukoroga. Alikoroga kwa muda mrefu. Mwisho akasema, "Viatu sina."

Kilikuwa kisingizio na sote watatu tulikijua. Lakini hakusema hapana, na katika nyumba ile hakuna aliyewahi kupata jibu zuri kuliko hilo. Niliruka kutoka nilipokuwa. Nikachomoa njiti ya fagio, nikaiweka chini ya unyayo wake kabla hajabadili mawazo, nikaikata sawa na mguu, nikaitia kwenye pochi. Mama akasema namtendea kama maiti anayepimiwa sanda. Shangazi akamwambia maiti hapewi viatu.

Jumamosi nikaingia Kariakoo na njiti yangu. Sasa mtu asiyeijua Kariakoo lazima nimweleze kitu kimoja. Mwenye meza ya viatu haweki jozi nzima mezani. Anaweka mguu mmoja, karibu kila mara wa kulia, na mwenzake anakaa stoo juu ghorofani, kwa sababu mwizi hana kazi na mguu mmoja. Ukipenda kiatu, muuzaji anapanda kukutafutia wa pili. Ndivyo ilivyo tangu nikiwa mtoto, na wala hatuoni ajabu kuona meza nzima ya viatu vya upande mmoja.

Nikapata kiatu. Cheusi, laini, kisigino kifupi, kimetulia. Njiti ikaingia ndani kama imezaliwa humo.

"Mama anavaa namba ngapi?" akauliza muuzaji.

"Namba sijui, mdogo wangu. Njiti hii hapa."

"Dada, karne hii bado mnapima kwa njiti?"

"Njiti haidanganyi. Wewe ndiye unadanganya kwenye bei."

Hapo tukaanza. Tulivutana mpaka wapita njia wawili wakasimama kusikiliza, na mmoja akanitetea. Nilishinda. Muuzaji akapanda stoo, akashuka na mguu wa pili umefungwa gazeti, akautia pamoja na ule wa mezani kwenye mfuko, akafunga fundo. Sikuufungua. Kwanza taratibu zinakataza, pili nilikuwa nimelewa ushindi. Nilirudi nyumbani natembea katikati ya barabara kama gari la msafara.

Jumapili asubuhi ukumbi ulijaa. Watoto wamepakwa mafuta mpaka wanang'aa, miamvuli imeegemezwa ukutani, maandazi yamekwisha, na mjomba wetu wa Lindi tayari ameshapasua balbu moja kwa mwavuli wake. Mama alivaa baibui lake la Idi. Alipotokea mlangoni watu walinyamaza, kisha wakaanza kuzungumza kwa haraka kila mtu na jirani yake, ili asijione anatazamwa. Akakaa kwenye kigoda. Mimi mwanawe nikapiga magoti, nikafungua fundo.

Mguu wa kwanza wa kiatu ukaingia vizuri sana. Nikasikia wanawake wakisifu. Nikafungua gazeti, nikatoa wa pili, nikaona ncha yake imeelekea kule kule kwa mwenzake. Nikaugeuza. Nikaugeuza tena. Ulikuwa wa mguu wa kulia, na ule aliokwisha kuuvaa ulikuwa wa mguu wa kulia.

Sitasahau joto lililonipanda shingoni. Nikatoa simu, nikampigia muuzaji hapo hapo nimepiga magoti. Nyuma yake nilisikia tarumbeta.

"Dada, leo Jumapili, tumefunga. Ufunguo wa stoo anao mwenye stoo, na mwenye stoo yuko harusini Mlandizi."

"Na wewe?"

"Na mimi niko naye hapa hapa Mlandizi. Jumatatu nakubadilishia, usijali."

Nikakata simu kabla sijasema maneno ya kunifungisha saumu siku saba za toba. Kila mtu akaleta wazo lake. Shangazi akavua viatu vyake vipya akataka kumpa mama, lakini shangazi ana miguu ya kitoto, havikumwingia. Mjomba akapendekeza ndala za bafuni. Mtu akasema avae vya zamani tu, mwingine akasema haijawahi kutokea, wakaanza kubishana. Mimi sikusikiliza. Nilikuwa namtazama mama, na nilijua kitakachofuata. Angesema Mungu hakupenda. Angeingia ndani, mlango ungefungwa, na asingeombwa tena, kwa sababu aliyekuwa na uwezo wa kumwomba hakuwa na mwaka mwingine wa kutembea. Miaka hamsini ingeharibika kwa ajili yangu mimi mjuaji wa Kariakoo. Machozi yalinilenga.

"Nivalishe," akasema mama.

"Vyote vya mguu wa kulia, mama."

"Macho ninayo. Nivalishe."

Nikausukuma mguu wa kushoto ndani. Kidole kidogo kilikataa kabisa, kikabaki kimekaa juu ya ukingo kinachungulia. Shangazi akauliza, taratibu kuliko anavyowauliza wengine, "Unatembea na nani, wifi?" Mama akafungua mdomo, akaufunga. Tukasubiri. Alitazama barabarani. Basi shangazi akamtajia bibi wa nyumba kwa niaba yake, tukaitikia, na mama akanyanyuka.

Sijawahi kucheka kama nilivyocheka njiani. Mbele walikwenda mawifi wawili wameshikana mikono chini ya mwavuli mmoja, mmoja magoti hayakunji, mwingine mguu wa kushoto unataka kwenda zake pembeni. Kila baada ya hatua kumi walikuwa wamehamia ukingo wa barabara na sisi nyuma yao tumehama pia, msafara mzima umepinda.

"Wifi, unanipeleka mtaroni," akasema shangazi.

"Siyo mimi, ni kiatu."

"Kiambie kiatu sisi tunaenda Kivukoni."

Basi la mwendokasi likapita, abiria wamegeuza vichwa vyote upande wetu. Tulipofika Mchafukoge, vijana waliokaa barazani mwa duka lililofungwa walidhani sisi ni kampuni ya simu.

"Mtandao gani huo mpya?" mmoja akauliza. "Mnagawa fulana?"

Mjomba akawaambia hakuna fulana. Shangazi akasimama, na akisimama yeye tunasimama wote, akawaeleza kwa ufupi nani alinyimwa nini na kwa nini tunavaa. Kijana yule akavua kofia. "Kumbe. Shikamoo bibi," akasema. Wengine nao wakaamkia, wa mwisho akauliza kama samaki wa Kivukoni ni wa wote. Dereva wa bodaboda aliyekuwa akisikiliza alimwona mama anavyochechemea, akamsogezea pikipiki.

"Bi mkubwa, panda nikufikishe. Bure."

"Ahsante, mwanangu. Leo nimekuja kutembea."

Mimi nilikuwa hatua mbili nyuma na nilimsikia vizuri. Nilifurahi mpaka nikamsahau yule wa Mlandizi. Bodaboda hakuondoka, aliendesha polepole kando yetu mpaka Posta, akizuia magari kama askari, kisha akapiga honi na kwenda zake.

Kivukoni tulifika jua limepanda. Tuna wakaangaji wetu wa miaka yote, dada mmoja na mumewe, wanatupangia mabenchi na kutuwekea changu wakubwa, mihogo ya kukaanga na pilipili inayoliwa macho yamefumbwa. Miamvuli ikafungwa, watoto wakakimbilia maji. Nilimkalisha mama, nikampa sahani, na hapo tu ndipo nilipomwona anavua kile kiatu cha upande. Kidole kidogo kilikuwa kimechubuka, kisigino kina lengelenge la kutosha. Nikachukua maji nikaanza kumwosha, na kuomba radhi, na kumlaani muuzaji, vyote kwa pamoja.

Mama hakuwa ananisikiliza. Alikuwa anautazama mguu wake.

"Bibi yangu alikuwa na mguu kama huu," akasema. "Mpana, visigino vimepasuka. Hakuna kiatu kilichomwingia, hata alipokuwa na ruhusa."

Nikamuuliza bibi yupi. Bibi zake wa Bagamoyo nilikuwa nawajua kwa sifa, wanawake wa udi na marashi, kila mmoja na ukoo wake kwenye ile orodha.

"Mama yake baba yangu. Siyo yule aliyeandikwa. Yule aliyemzaa."

Shangazi aliacha kutafuna. Mama akaendelea kwa sauti yake ya kila siku, kama anayeeleza mapishi. Alisema bibi yake alikuwa suria, mtumwa aliyezaa na bwana wake. Watoto wakahesabiwa waungwana kama baba yao, wakaingia kwenye orodha, naye akabaki jikoni mpaka alipokufa, miaka mingi baada ya watumwa wote kuachiwa. Mama ndiye aliyelala naye kitanda kimoja utoto wake wote.

"Wageni wakija waliniuliza, yule mzee kule uani ni nani? Nawajibu, mpishi. Nilikuwa na miaka minane. Hakuna aliyenituma, niliona wakubwa wanavyofanya. Siku moja nimejibu hivyo, nageuka, namkuta kasimama nyuma yangu na sinia ya kahawa." Akaweka sahani pembeni. "Akawamiminia wageni kahawa, akarudi jikoni. Jioni akanisuka nywele kama siku zote."

Mimi nilikuwa nimeushika mguu wake, maji yananitiririkia mapajani.

"Sasa kila mwaka mnataka nikae pale mlangoni nimtaje," akasema mama. "Nimtaje kwa mdomo huu huu?"

Shangazi akaweka chini kipande chake cha samaki. Akajifuta vidole kimoja kimoja, akamgeukia.

"Wifi," akasema, "unatembea na nani?"

Mama akataja jina. Lilikuwa jina fupi, la bara, si la Kiarabu wala la pwani, na alilitaja mara moja tu, kwa sauti iliyofika benchi la mwisho. Tukaitikia wote. Hata yule dada wa kukaanga aliitikia, mwiko mkononi, ingawa hakujua anaitikia nini.

Nilikuwa na miaka hamsini na miwili, na ndiyo kwanza nasikia jina la mtu aliyemzaa babu yangu. Nililia bila kujificha. Nilimwambia mama anisamehe kwa yale niliyomwita, mara zote mbili. Akasema nile, samaki akipoa ananuka. Kisha akaniuliza mbona nalia mimi wakati kidole kilichochubuka ni chake, na shangazi akacheka mpaka akapaliwa na muhogo.

Kurudi tulipanda bajaji, mama, shangazi na mimi tumebanana nyuma. Sikujua niulize nini, maswali yalikuwa mengi mno. Nikauliza lililokuja mdomoni: bibi yake alikuwa anamsuka mtindo gani? Mama akanivua mtandio, akaweka vidole kichwani pangu kunionyesha njia ilipoanzia, akaanza kueleza, na alikuwa bado anaeleza bajaji ilipotushusha Gerezani.